Mpango mmoja wa taifa, au kila jimbo na wake?

Sera ya Pamoja ya Kilimo ya Umoja wa Ulaya ya 2023–2027 iliitaka kila nchi iandike mpango mkakati wake wa kutumia ruzuku za kilimo. Nchi ni 27, mipango 28: Ubelgiji ina miwili, wa jimbo la Flanders na wa jimbo la Wallonia. Ujerumani yenye majimbo 16 ina mmoja.

Kwa gharama, mmoja unashinda waziwazi. Majadiliano na Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ni ya mara moja, na ripoti ya kila mwaka ni moja.

Kufaa shambani ni habari nyingine. Angalau robo ya malipo ya moja kwa moja, yaani ruzuku anazolipwa mkulima mwenyewe, hutengewa wanaotunza mazingira kwa hiari. Ujerumani, viwango vya malipo hayo hupangwa kitaifa, vilevile kwa mfugaji wa ng'ombe wachache Bavaria na kwa mashamba makubwa ya nafaka ya mashariki. Mwaka 2023 wakulima walijitokeza wachache kuliko ilivyotarajiwa, ikabidi viwango virekebishwe. Hapo naona Flanders na Wallonia, kila moja ikiwa na mpango wake, zimefaidi.

Kama majimbo yako yana wizara na wataalamu wa kutosha, yaachie yapange. Kama hayana, andika mmoja, ila viwango vya malipo visilazimishwe kulingana kila mahali.