Kopo la udongo wa silikoni unaodunda: kifaa kizuri cha kufundishia, karatasi ya maelezo haifai

Nililinunua kopo hili la gramu 50 kwa shilingi 18,000, na ingawa waliolifungua ni watoto wa nyumbani, nililikusudia kwa wanafunzi wangu wa kidato cha sita, ambao nilitaka waone kwa macho yao jinsi mtandao wa polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, wenye vifungo vinavyoachia na kushikana tena unavyobeba mzigo. Udongo wenyewe ni wa jamii moja na Silly Putty, udongo wa kuchezea uliotokana na kazi ya James Wright wa General Electric huko Marekani mwaka 1943, alipochanganya mafuta ya silikoni na asidi ya boriki akitafuta mbadala wa mpira wa asili, kwa kuwa mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki yalikuwa yametekwa na Wajapani. Mbadala haukupatikana, kwani tairi la udongo huu lingeamka asubuhi limekuwa chapati.

Kwa tabia, bidhaa hii haina hila. Donge likiviringwa na kutupwa sakafuni hudunda vizuri. Likivutwa polepole hutoa uzi mrefu unaolegea kama asali. Likivutwa kwa ghafla hukatika kwa mlio, na mahali lilipokatikia huwa pakavu na pakali kama kigae. Sababu ni kwamba boroni huiunganisha minyororo ya silikoni kwa vifungo vya muda, ambavyo kila kimoja hushika kwa kitambo kidogo, huachia, kisha hushika mnyororo mwingine. Pigo linalowahi kabla vifungo havijaachia hukutana na mpira, lakini mzigo wenye subira hukuta minyororo imekwisha kuhama.

Modeli ya Maxwell hulieleza jambo hili kwa springi moja na shokapu moja zilizofungwa mfululizo: ukilibana donge na kulishikilia hapo, mkazo, yaani nguvu ambayo donge hukusukuma nayo, hupungua kwa kanuni ya kipeo (haraka mwanzoni, kisha polepole zaidi na zaidi), na muda unaouchukua kufikia asilimia 37 ya ulivyoanza ndio muda wa kulegea. Watafiti Green na Tobolsky walionyesha mwaka 1946 kwamba mtandao ambao vifungo vyake vinakatika na kuundwa upya kwa kasi isiyobadilika hufuata kanuni hiyohiyo, na kwamba mnato wake, yaani ukinzani wake wa kutiririka, ni ugumu wa mtandao ukizidishwa kwa muda huo.

Tulijaribu kwa mizani ya jikoni. Kizibo cha soda kilifungwa chini ya rula, na rula ikashushwa mpaka ikalala juu ya marundo mawili ya vitabu kandokando ya mizani, ili kizibo kizame kwa kina kilekile bila kuendelea kushuka. Katika joto la darasani tarakimu zilianguka kabla mizani haijatulia, kwa hiyo hatukupata kitu. Donge lilipokaa kwenye friza kwa saa moja, zilishuka taratibu kiasi cha kurekodiwa kwa simu, kwa kuwa baridi hurefusha uhai wa vifungo. Sehemu ya mwanzo ilifuata mstari wa Maxwell vizuri, lakini mkia ulichelewa kushuka, na ilitubidi tuongeze kwenye modeli springi na shokapu ya pili sambamba na ya kwanza. Kwangu hapo ndipo kopo liliporudisha fedha yake, maana mwanafunzi mmoja aliuliza mwenyewe kama vifungo vyote vina umri sawa. Mkatiko wa ghafla tuliuacha nje ya hesabu, kwa sababu mnyororo uliovutwa sana huweza kuachia mapema, jambo ambalo watafiti Tanaka na Edwards walilipa nafasi katika nadharia yao ya mwaka 1992.

Lawama yangu ni juu ya karatasi iliyokuja ndani ya kopo, ambayo husema tu kwamba udongo ni “kigumu na kioevu kwa pamoja”, bila kutaja viambato wala joto linalofaa. Mwalimu asiyejua kemia yake atabaki akiuchezesha kama kiinimacho. Kifuniko nacho ni chepesi mno.

Ninaupa nyota nne kati ya tano. Usiuache juu ya nguo usiku kucha. Wangu uliingia kwenye nyuzi za zulia, na spiriti imeutoa nusu tu.