Digrii ya rasilimali watu kwa masomo ya jioni Kisumu: uzoefu wangu

Nilipojiunga na digrii ya usimamizi wa rasilimali watu nilikuwa tayari karani katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu, mtu wa kuandika mahudhurio na kupanga likizo. Masomo yalikuwa ya jioni, saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu, na Jumamosi kutwa. Ukitoka hapo unagombania matatu ya Kondele na macho yanafumba. Chuo sitakitaja, kwa kuwa nina malalamiko nacho, lakini nitaanza na kilichonifaa.

Ni sheria ya kazi. Mhadhiri wetu alitupa zoezi la kumsikiliza mfanyakazi kabla ya kumfuta kazi. Mimi nikawa meneja, mwenzangu akawa mlinzi aliyedaiwa kulala zamu ya usiku. Nikaanza kumsomea mashtaka kwa Kiingereza cha ofisini. Sikufika mstari wa tatu, mwalimu akagonga meza: "Huyu mzee ameelewa nini hapo? Na mwenzake wa kumsindikiza yuko wapi?" Akatufungulia kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chumbani, naye asikilizwe. Ukiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kukuamuru ulipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Miezi michache baadaye, kazini, mzee mmoja wa kupakia barafu alikuwa afutwe kwa kutofika kazini siku nne. Barua ilikuwa imeshachapwa. Nilimwomba meneja tukae naye kwanza, kwa Dholuo, na mwenzake wa zamu awepo. Ikabainika alikuwa kwenye matanga ya mama yake, na msimamizi wake ndiye aliyempa ruhusa kwa mdomo, kisha akanyamaza. Yule mzee yuko kazini mpaka leo. Kwa hilo pekee, karo yangu siijutii.

Sasa malalamiko. Hesabu ya mishahara tulifundishwa ubaoni, hatukugusa programu hata siku moja. Mwaka 2025 bado maandishi ya somo tuliyopewa yalikuwa yanakata NHIF, bima ya afya ya zamani, ilhali bima mpya, SHIF, ilishachukua nafasi yake Oktoba 2024, kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa nakata kila mwezi. Wenzangu waliotoka moja kwa moja sekondari wangejuaje? Tena alama zangu za somo moja zilipotea. Nilizungushwa ofisi hii na ile karibu muhula mzima, na kila ofisi inaniambia niandike barua upya. Hilo liliniuma sana, kwa sababu karatasi ya mtihani niliifanya na jina langu nilitia sahihi.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyetuambia wakati wa kujiandikisha: digrii peke yake haikufanyi mtaalamu anayetambuliwa kisheria. Iko Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya 2012, inayotaka usajiliwe na taasisi ya taaluma, IHRM, na uwe na cheti cha kufanyia kazi. Ipo na mitihani ya kitaaluma, CHRP, yenye ada zake. Mimi mambo haya niliyasikia mwaka wa tatu, tena kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu. Ningeyajua mapema ningeweka akiba.

Kama unafikiria kozi hii, kabla ya kulipa karo nenda ukaone maabara ya kompyuta. Uliza nani anafundisha sheria ya kazi, na kama amewahi kukaa ofisi ya wafanyakazi. Waulize wanafunzi wa mwaka wa nne kama alama zao zote zimetoka. Mimi nilimuuliza afisa wa udahili tu, naye alinipa kijitabu chenye picha nzuri.