Tahadhari kuhusu unga wa "kuishindisha saratani njaa" unaouzwa Kariakoo

Ndugu mnaouguza wagonjwa wa saratani hapa Dar es Salaam, hasa wanaohudhuria kliniki Ocean Road, jihadharini na muuzaji anayepitia makundi ya WhatsApp akinadi unga wa mizizi, anaodai huua saratani kwa kuinyima chakula, kwa shilingi laki moja na themanini kopo moja. Shangazi yangu aliuziwa makopo mawili. Hayana jina la mtengenezaji, namba ya usajili wala tarehe ya mwisho wa matumizi, na tulipobandua kibandiko chenye picha ya jani, chini yake tulikuta lebo ya unga wa lishe ya watoto.

Kinachowanasa watu, wakiwemo wasomi, ni kwamba maneno ya muuzaji si ya uongo yote. Uvimbe wa kongosho hukua mahali ambapo damu haifiki vizuri, na seli zake zimezoea kuvumilia uhaba wa glukosi (sukari ya damu) na amino asidi (vijenzi vya protini). Watafiti wa Japani wamechunguza kemikali za mimea zinazoondoa uvumilivu huo, mojawapo ikiwa aktijenini, inayopatikana katika mmea ambao mizizi yake Wajapani huila kama mboga na kuiita gobo. Maabara, kemikali hiyo huua seli zilizonyimwa virutubisho, ilhali zile zilizoshiba huzidhuru kidogo sana.

Lakini njaa hiyo hutengenezwa kwenye kisahani cha maabara, kwa kuziweka seli katika maji yasiyo na glukosi, amino asidi wala seramu (majimaji ya damu yenye virutubisho). Mgonjwa hawezi kuifikia kwa kuacha kula, kwa sababu mwili hulinda sukari ya damu kwa kila njia, hata kwa kuyeyusha misuli yake wenyewe, na misuli ndiyo ambayo mgonjwa wa saratani tayari anaipoteza. Muuzaji huyu anawaagiza wagonjwa waache ugali, wali, uji na matunda kwa wiki kadhaa, kisha waahirishe dripu za hospitali ili "dawa zisigombane". Kwangu mimi, agizo hilo ni baya kuliko wizi wa fedha.

Sisemi kwamba mimea haina dawa. Vinkristini, dawa ya saratani inayotumika hospitalini hadi leo, hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska, ila hutenganishwa, husafishwa na kupimwa kwa miligramu, si kwa kijiko cha chai.

Anayeuziwa dawa ya aina hii adai kwanza namba ya usajili, kisha aihakiki kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Aliyekwisha kuitumia amweleze daktari wake bila kuona haya, maana baadhi ya kemikali za mimea huingilia namna ini linavyochakata dawa za saratani. Tunzeni kopo, sauti alizotuma na ujumbe wa malipo. Tulipodai fedha zetu alizima simu, na sasa anatangaza kwa namba nyingine, picha ya kopo ikiwa ile ile.