Tahadhari: Mtembezaji wa Mji Mkongwe anayetoza viingilio visivyokuwepo

Ndugu zangu mnaopanga kwenda Unguja, jihadharini na mtu anayejitangaza mitandaoni kwamba anatembeza wageni kwa miguu ndani ya Mji Mkongwe, na kwamba Sh40,000 anazotoza kwa kila mtu, zinazotumwa kwa simu kabla ya siku yenyewe, zimejumuisha viingilio vyote.

Tulikuwa watu sita, pamoja na mama yangu mzazi. Tulianzia Ngome Kongwe, ambako watu huingia bure, ingawa katika mchanganuo aliotutumia alikuwa amepawekea kiingilio. Beit al-Ajaib nayo aliitoza, ilhali sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020, nasi tuliishia kulitazama tukiwa nje ya uzio.

Lililoniuma zaidi ni Mkunazini. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, enzi za Sayyid Barghash, na katika eneo hilohilo likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Mama alivuka bahari hasa kwa ajili ya kupaona. Yule bwana alituambia kuwa pamefungwa kwa matengenezo, akatupitisha haraka, kisha akatuweka karibu saa nzima katika maduka mawili ya vinyago na viungo, ambako muuzaji mmoja alikiri kwamba humpa chake kwa kila mteja anayemleta. Kesho yake nilirudi peke yangu nikakuta pako wazi na tiketi zinauzwa, na mhudumu akaniambia kuwa hata jana yake palikuwa wazi. Mama alikuwa ameshapanda boti ya asubuhi kurudi Dar es Salaam.

Katika mji ambao misikiti, hekalu la Wahindu na kanisa la Minara Miwili vinafikika kwa dakika chache za kutembea, hakutueleza ni nani walioishi humo wala walifikaje. Inasikitisha, kwa sababu wapo watembezaji wengi waaminifu wanaoujua mji huo kichochoro kwa kichochoro.

Kabla ya kukubaliana na yeyote, mwombeni awaonyeshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Viingilio lipeni wenyewe dirishani na mchukue risiti, na ujira wake mpeni baada ya matembezi. Mimi nilipodai nirudishiwe fedha alinifungia namba, nami nimeripoti polisi. Tangazo lake, lenye picha ya mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba, lilikuwa bado linasambazwa jana usiku.