Kipima oksijeni cha kidole: miaka minne nikikitumia hapa Mtwara

Juu ya cherehani yangu, hapa Chikongola, kuna msumari wa kutundikia futi. Kwenye msumari huo huo kinaning'inia kibanio cheupe chenye kamba, na hapiti mteja mwenye mzee nyumbani bila kuniuliza ni cha nini. Ni kipima oksijeni, wengine wanakiita oksimita: kinasoma damu yako imejaa oksijeni kwa asilimia ngapi. Nilikinunua Agosti 2021 kwa shilingi 65,000, wakati vilipokuwa vikigombaniwa. Mwaka jana nimenunua cha pili kwa 30,000 kwenye duka jingine la dawa hapa hapa mjini. Nimewaeleza watu mmoja mmoja vya kutosha, sasa nayaweka yote mahali pamoja.

Lazima nianze na mjomba.

Mjomba wangu ana mikorosho Newala. Mwezi wa nane kule watu wanamalizia kupulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na anayebeba pampu mgongoni hurudi nyumbani macho mekundu na kifua kinakereketa. Ndivyo alivyoshuka Mtwara mwaka ule. Alikuja kwa ajili ya macho, kikohozi akasema ni cha kawaida. "Salfa hii, mwanangu, itaisha yenyewe." Tukaamini, maana kila mwaka tulishamsikia akikohoa hivyo. Lakini mwaka ule haukuwa kama mingine. Watu walikuwa wakifa kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji, yaani korona, na chanjo yake ndiyo kwanza ilikuwa imeingia nchini. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai, hazijapita wiki tatu.

Tulimpeleka mahali pa karibu pa kutibiwa. Akapewa mseto na antibayotiki, akaambiwa apumzike. Dawa zile sizilalamikii. Ninacholalamikia mpaka leo ni kwamba hakuna aliyemshika hata kidole.

Siku ya tatu alipita binti wa jirani, muuguzi, sisi tunamwita Sista, kuchukua sare yake niliyokuwa nimeipunguza kiuno. Mjomba alikuwa kibarazani, sahani ya ming'oko mapajani, chai pembeni. Sista akamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba... mwanangu... hujambo." Mimi sikusikia kitu. Sista alisikia kwamba maneno matatu yanamtosha mzee pumzi nzima. Akatoa kibanio mfukoni, akambana kidole cha shahada. 82, na mzima husoma 95 hadi 100. Akakihamishia kidole cha kati. 83.

"Babu, unajisikiaje?"

"Mzima tu. Uchovu kidogo."

Hilo ndilo lililonifanya nikinunue kifaa hiki wiki ile ile, na ndilo naona watu wengi hawalijui. Mtu anaweza kuwa amepungukiwa hewa kiasi cha kufa na bado anakula ming'oko. Sista alinieleza baadaye wodini. Kinachotufanya tuhisi kukabwa mara nyingi ni ile hewa chafu ya kabonidayoksaidi inayojaa mwilini, zaidi ya upungufu wa oksijeni wenyewe. Mapafu yaliyoshambuliwa na korona yanaweza kuendelea kuitoa hewa chafu vizuri huku yakishindwa kuingiza ile nzuri, basi mgonjwa hahisi kukabwa. Macho ya kawaida hayaoni, sikio lisilofundishwa halisikii. Kibanio kinaona.

Tulikwenda hospitali kwa bajaji usiku ule ule. Alikaa siku 9. Alivalishwa barakoa ya oksijeni, akalazwa kifudifudi kwa saa kadhaa kila siku, akachomwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini. Nilikuwa nikitazama namba yake ikipanda anapogeuzwa tumbo chini, kutoka 88 hadi 92, 93, na nilijifunza kuipenda ile taa nyekundu.

Taa yenyewe ndiyo siri ya kifaa. Upande mmoja kinarusha mwanga wa aina mbili, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, upande wa pili kinapokea uliovuka kidole. Damu iliyobeba oksijeni na ile isiyobeba hazinywi mwanga kwa namna moja, na kwa kuwa damu ya ateri, mishipa inayotoka moyoni, inadunda, mashine inaitenganisha na nyama na kucha zilizotulia. Aliyegundua njia hii ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alifariki Aprili 2020, ugonjwa ukiwa umeshatanda duniani na kibanio chake kikiwa kwenye vidole vya wagonjwa kila bara. Huwa namtaja kwa wateja kwa sababu naona anastahili.

Sasa matumizi, kama nilivyofundishwa. Mpimwaji akae chini dakika tano, mkono autulize usawa wa kifua, asiongee. Usisome namba ya kwanza inayotokea. Subiri kama nusu dakika itulie. Mzima husoma 95 hadi 100. Ikifika 94 au chini, pima tena, kisha ongea na mtaalamu siku hiyo hiyo. Chini ya 90 ni kuondoka nyumbani sasa hivi. Sista aliniongezea jambo moja ambalo kwenye karatasi ya kifaa halipo: mgonjwa atembee ndani ya chumba hatua kama 40, apimwe tena. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mapafu yameshaanza kushindwa, hata kama alipokuwa amekaa ilikuwa nzuri.

Januari 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kifaa hiki kitumike nyumbani kwa wenye korona walio katika hatari ya kuzidiwa, ila kiende pamoja na maelekezo na mtu wa kufuatilia. Hiyo "pamoja na" naikazia. Mama mmoja wa Magomeni alinipigia usiku akilia kwamba mumewe ana 64. Kifaa kinaonyesha namba mbili, ya oksijeni yenye alama ya SpO2 na ya mapigo ya moyo. Alikuwa anasoma mapigo. Oksijeni ilikuwa 97. Nilicho nacho mimi hugeuza maandishi kila ukibonyeza kitufe, juu ikawa chini, na karatasi iliyokuja nacho ina herufi ndogo kuliko za lebo ya nguo, Kiswahili hakuna hata neno. Kwa mtu mwenye hofu, saa nane za usiku, hii ni kasoro kubwa. Nimechora mshale kwa kalamu ya kuwekea alama vitambaa, nikaandika HEWA.

Namba hii ina kazi nyingine ambayo mwaka ule iliokoa watu mtaani kwetu wasijidhuru. Habari za deksamethasoni zilikuwa zimesambaa. Ni kweli: Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kutokana na majaribio yao kwamba dawa hii ya bei nafuu ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Lakini kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia. Sehemu hii ya mwisho haikufika mtaani. Watu walikuwa wakinunua vidonge vyake siku ya kwanza ya mafua, wakiwemo wenye kisukari, na dawa hii hupandisha sukari. Sista alikuwa akipita na kibanio, anawapima, anawaonyesha 98: "Dawa hii si yako leo." Namba ilisikilizwa kuliko maneno.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma. Kifaa hiki hakitusomi sisi weusi sawasawa na wanavyosomwa weupe. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha uchunguzi. Waliwachukua wagonjwa ambao kibanio kilisema wana kati ya 92 na 96, wakalinganisha na damu iliyotolewa kwenye ateri. Kwa weupe, karibu 4 katika kila 100 walikuwa kwa kweli wako chini ya 88. Kwa weusi walikuwa karibu 12. Miezi miwili baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa tahadhari. Rangi ya ngozi nayo inanywa mwanga, na vifaa vingi vimerekebishwa kwa kupimwa zaidi kwenye ngozi nyeupe. Mimi ni Mmakonde, mjomba wangu ni mweusi kuniliko, na kifaa tunacholipia kwa shilingi zile zile kinatupendelea namba tusiyokuwa nayo. Naomba watengenezaji walione hili kama sisi tunavyoliona. Kwa sasa ninachofanya ni kutazama mwenendo. Kila mzee wa kwetu nampima akiwa mzima, naandika kwenye daftari la vipimo vya nguo, ukurasa wa nyuma. Akiugua nalinganisha na namba yake mwenyewe. Aliyezoea 98 akisoma 94, kwangu huyo ameshuka, sitasubiri 90.

Hina ni jambo jingine la huku kwetu. Siku ya harusi ya mdogo wangu nilikuwa na piko nyeusi hadi kwenye kucha, nikajaribu kujipima, kikaonyesha vistari tu. Rangi ya kucha ya giza nayo inasumbua. Tumia kidole kisichopakwa, hata cha mguu.

Na kuna nyakati kitakuambia 99 na mgonjwa yuko hatarini. Moja ni upungufu wa damu, ambao huku kwenye malaria tunaujua vizuri. Sista alinielewesha kwa magunia ya korosho: malori 10 yamejaa yote, na malori 2 yamejaa yote, ukiuliza "yamejaa kwa kiasi gani?" majibu ni mamoja, asilimia mia. Kibanio kinauliza kujaa, hakihesabu malori. Ya pili ni moshi wa mkaa. Jirani zetu walijifungia chumbani wakipiga nyungu, sufuria juu ya jiko la mkaa, madirisha yamezibwa kwa kanga. Mama akatoka kichwa kinamgonga, anatapika, kibanio kinasema 98. Gesi ya mkaa hung'ang'ania damu pale pale oksijeni inapokaa, na mashine hizi za mkononi haziwezi kuzitofautisha. Sista aliwatoa wote nje kwenye upepo, kisha hospitali. Mvuke haumuui kirusi aliyeko ndani ya mapafu, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua mtu. Anayejifukiza kwa mafua yake afanye mlango ukiwa wazi, moto ukiwa nje, na watoto wakae mbali na maji ya moto.

Kuhusu kununua: kiwashie dukani, kisipowaka usikubali maneno ya "betri tu". Kijaribu kwenye penseli. Kikitoa namba nzuri kwenye penseli, mimi sikichukui. Kijaribu kwenye vidole vyako vitatu, namba zisipishane zaidi ya mbili. Cha kwanza nilichonunua kinatumia betri mbili ndogo za rimoti, zinakaa miezi, ila zitoe usipokitumia, maana chumvi ya hewa ya huku pwani iliniotesha kutu kwenye chuma kimoja. Mfuniko wake wa betri umelegea, nimeufunga kwa lastiki ya kiuno. Kile cha 30,000 mwili wake ni mwepesi zaidi lakini kioo kinasomeka vizuri juani. Kwa watoto wachanga vyote viwili havifai, kidole kinapotea ndani. Zile programu za simu zinazodai kupima oksijeni kwa kamera, mimi siziamini na nimemzuia mwanangu kuzitumia.

Kama una 65,000 moja na unaniuliza uanze na nini, nitakujibu kwanza uulizie chanjo ya korona, ambayo mwaka 2021 hatukuilipia. Kibanio hutoa taarifa ugonjwa ukishaingia. Mjomba alichanjwa Novemba, ile ya Janssen ya dozi moja, baada ya kubishana nami jioni tatu. Alichotaka kujua ni kwa nini achanje wakati ameshaugua na kupona. Daktari aliyemhudumia wodini alimjibu kwa simu kwamba kinga ya kuugua hupungua kadiri siku zinavyopita na kwamba mapafu yake hayana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Akakubali kwa sababu ni mtu aliyemlaza kifudifudi ndiye aliyesema.

Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya korona Mei 2023. Kwangu kibanio hakijashuka msumarini. Nimempimia bibi wa nyumba ya tatu mwenye pumu, nimempimia kijana aliyepata nimonia baada ya kuvua usiku kucha, na wote wawili namba ndiyo iliyoamua kama ni bajaji au ni kusubiri asubuhi.

Kile cha pili nilimnunulia mjomba. Anakitunza Newala ndani ya kopo la korosho lenye mfuniko. Kila msimu wa salfa, akishaoga jioni, hujipima kibarazani na kunitumia ujumbe bila salamu, namba mbili tu, hewa kwanza kama nilivyomfundisha. Jana aliandika: 96, 74.