Ranchi ya kukodi Laikipia: uzio wa umeme au mapatano na majirani?

Kila kiangazi, mifugo ya majirani inapoingia ranchi za Laikipia, Kenya, kutafuta malisho na maji, swali hili hurudi, na jibu huanzia kwenye mkataba wako. Uzio wa umeme ni ghali mwanzoni: nguzo, nyaya, betri, paneli za sola. Ikiwa umebakiza miaka michache, fedha hizo unamwachia mwenye ardhi. Mapatano ni nafuu, ila hayaishi kudai vikao na wazee, na nyasi unazowaachia jirani.

Kwa kuzuia ng'ombe wanaozurura, uzio unashinda. Lakini mwaka 2017, ukame ulipokutana na uchaguzi, wafugaji wenye silaha walivamia ranchi nyingi za Laikipia, na nyaya zilikatwa. Chemchemi iliyo ndani ya ranchi ndiyo kiini: kuwafungia maji wenye kiu ni kuwapa sababu ya kukata waya. Ningevuta bomba hadi birika la kunyweshea mifugo mpakani, kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mapatano ya mdomo, hata hivyo, siyaamini. Sheria ya Kenya humruhusu aliyekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12 kuidai mahakamani. Ruhusa ya maandishi huvunja dai hilo. Mapatano hayo ya maandishi yataje idadi ya mifugo na tarehe ya kuondoka.

Matunzo? Uzio hutaka kufyekewa nyasi na kupimwa umeme kila mara.

Majirani wakiwa na wazee wanaosikilizwa, anza na mapatano. Wavamizi wakitoka mbali na mkataba ukiwa mrefu, uzio unalipa, birika likibaki wazi.