Sahani Tatu za Majengo ya Palm Springs: Je, Zinastahili Ukuta Wako?

Wapenzi watazamaji, karibuni. Mezani hapa nina sahani tatu za kauri zenye upana wa sentimita 20, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya kutundikwa ukutani wala si kuliwa chakula, na kila moja imechorwa jengo la Palm Springs, mji wa jangwani wa California unaosifika kwa usanifu wa kisasa wa katikati ya karne ya 20.

Naanza na iliyonivutia zaidi, ya kituo cha mafuta cha Tramway, kilichosanifiwa na Albert Frey na Robson Chambers mwaka 1965, ambacho siku hizi kinapokea wageni wa mji badala ya magari yanayotafuta petroli. Paa lake limechongoka kama ncha ya mkuki, na mchoraji amefanya busara kuliacha liguse ukingo wa sahani, huku milima ikipakwa kahawia tupu. Hata ukiwa mwisho wa sebule unalitambua.

Nyumba ya Kaufmann, kazi ya Richard Neutra ya mwaka 1946, haikubahatika hivyo. Imetandaa chini, mabawa yake yakielekea pande nne, na uzuri wake umo katika mistari mirefu iliyolala. Ukiibana ndani ya duara, inageuka kibanda chenye bwawa mbele. Hii ilihitaji sinia la mstatili.

Ya tatu, kusema kweli, imeniudhi. Nyumba ya pili ya Frey, ya mwaka 1964, inajulikana kwa jabali lililoachwa pale pale lilipokuwa, likaingia hadi ndani, na kioo cha ukuta kikakatwa kufuata umbo lake. Sahani inaonyesha bwawa na paa, jabali halimo!

Sasa tazameni kwa karibu. Nikipitisha ukucha juu ya picha nahisi kingo zake, yaani chapa ilibandikwa baada ya kauri kung'arishwa, kisha ikachomwa tena tanurini, kwa hiyo msithubutu kuisugua kwa waya. Nyuma kuna nambari ya toleo, ambayo ndiyo humfanya mkusanyaji akubali kulipa zaidi, lakini imeandikwa kwa wino wa kawaida: niliipangusa kwa kitambaa kibichi, tarakimu ya mwisho ikafifia.

Ningenunua ya kituo cha mafuta peke yake, ila muuzaji hakubali kuzitenganisha.